Kabla ya Kuulizana Bei, Tuulizane Nyumba ni ya Nani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji, hasa wapangaji wenzangu wa Malindi na miji mingine ya Pwani, jambo lililonishughulisha tangu usiku ule mwenye nyumba wangu alipopiga hodi baada ya sala ya Isha, akaketi barazani, akanywa vikombe viwili vya kahawa chungu akiulizia hali za watoto, kisha akanieleza kwamba ameazimia kuiuza nyumba ninayoishi na kwamba hapendi imwendee mgeni. "Wewe ndiye uliyeitunza," aliniambia, "na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nipe milioni mbili na laki nne. Nakupa wiki mbili ukafikirie na mama watoto."

Nimepanga nyumba hiyo, mtaani Maweni, kwa miaka 14. Najua mvua ya masika huingilia pembe gani ya paa, najua ni ukuta upi ambao chumvi huupanda hata ukipakwa rangi kila mwaka, na najua kwamba boriti moja ya chumba cha nyuma imeliwa na mchwa kwa ndani ingawa kwa nje yaonekana nzima. Kwa hiyo mzee huyo alipotaja bei, nilikwisha kukubali moyoni kabla sijafungua kinywa, kwa kuwa nilidhani hakuna mnunuzi anayekijua kitu anachouziwa kuliko mpangaji aliyelala ndani yake miaka 14. Kosa langu lilikuwa hapo, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Mpangaji anaijua nyumba, lakini hajui ni ya nani. Nilikuwa nimempa mtu mmoja kodi mwezi baada ya mwezi, na kwa kuwa hakutokea mwingine kuidai, nikamchukulia anayepokea kodi kuwa ndiye mwenye mali, wala sikuwahi kumwomba anionyeshe karatasi hata moja.

Niseme kwanza kwa nini uamuzi huu ni mzito, maana wako wanaodhani kwamba mpangaji anayesitasita ni mwoga tu. Kodi yangu ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Bei niliyotajiwa ni sawa na kodi ya miezi 200, yaani miaka 16 na miezi minane, na mimi nina umri wa miaka 47. Nikikataa, mnunuzi mwingine akaja, sheria haimlazimishi mwenye nyumba kunipa mimi nafasi ya kwanza isipokuwa tuliandikiana hivyo katika mkataba wa kupanga, nasi hatukuandikiana. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, upangaji wa mwezi hadi mwezi huweza kukatishwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Ipo pia sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, lakini inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sijui ni nyumba ngapi za familia zilizobaki Malindi kwa kodi hiyo. Kwa hiyo anayesema "kaa tu, hutatoka" hakusaidii, na anayesema "nunua tu, usije ukatolewa" anakutia haraka ambayo ni hatari kuliko notisi yenyewe.

Mke wangu hakuwa na haraka hiyo. Nilipomweleza usiku ule ule, aliniuliza swali moja: "Anatuuzia nyumba, au anatuuzia nyumba na ardhi?"

Wasomaji wa bara huenda wakaliona swali hilo la ajabu, lakini mtu wa Pwani ataelewa mara moja. Kwetu, kwa desturi iliyotangulia sheria za wakoloni, kilichosimama juu ya ardhi chaweza kuwa cha mtu mmoja na ardhi yenyewe ikawa ya mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa minazi, ndivyo ilivyo kwa nyumba hadi leo. Mtu hujenga kwa ridhaa ya mwenye ardhi, humlipa kodi ya ardhi, kisha yeye mwenyewe hupangisha vyumba, na mpangaji wa chumba huweza kuishi miaka 20 bila ya kufahamu kwamba anayemwita mwenye nyumba naye ni mpangaji wa kiwanja. Mambo yalizidi kuwa magumu baada ya Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa Pwani apeleke dai lake liandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na wengi waliokuwa wakiikalia na kuilima hawakupeleka dai lolote, wakajikuta wageni mahali walipozikwa babu zao. Matokeo yake tunayaona hadi sasa katika mitaa ambayo nyumba zimesimama kwa vizazi vitatu ilhali hatimiliki iko kwa mtu asiyewahi kuonekana hapo. Lugha yetu ilitupa tahadhari mapema, kwani tunamwita mtu huyu mwenye nyumba, hatumwiti mwenye ardhi.

Sisemi kwamba nyumba isiyo na ardhi isinunuliwe kamwe. Wapo walionunua hivyo na wakaishi kwa amani kwa sababu mwenye ardhi alijulikana, aliitwa, akatia sahihi yake na kukubali kuwapokea kama wapangaji wapya wa kiwanja. Ninalosema ni kwamba bei yake haiwezi kuwa sawa na ya nyumba iliyo na ardhi yake, kwa kuwa mwenye ardhi akiamua kuiuza au kuijenga, unachobaki nacho ni mawe, boriti na mabati. Mnunuzi aliyelipia ardhi akapewa kuta amedhulumiwa, hata kama muuzaji hakukusudia.

Siku iliyofuata nilimwomba mwenye nyumba nakala ya hatimiliki. Alinipa bila ya kinyongo, na kwa hilo namshukuru, kwani nimesikia wengine huombwa karatasi wakakasirika kana kwamba wametukanwa. Nakala ilikuwa imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Ardhi ilikuwamo, alhamdulillahi, na namba ya kiwanja ilikuwa ile ile. Lakini jina halikuwa lake. Lilikuwa la marehemu babake. Tulipofanya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, ule ambao wengi huuita sachi, majibu yalirudi na jina hilo hilo la marehemu, ambaye ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu naamini jambo hili liko katika nyumba nyingi za mji huu kuliko hilo la ardhi. Marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akapata mafungu mawili ya mwanamke. Katika familia hii hesabu inatoka sawasawa bila ya kubaki kitu: mama fungu moja kati ya manane, kila binti fungu moja, kila kijana mafungu mawili. Mtu aliyekuja kuniuzia nyumba nzima alikuwa na robo yake. Katika milioni mbili na laki nne alizotaja, haki yake ilikuwa laki sita, na milioni moja na laki nane zilizobaki zilikuwa za mama yake, ndugu yake na dada zake.

Mtu huyu si mwizi. Ni mtafuta riziki wa familia ile, ndiye aliyebadilisha mabati yalipooza, ndiye aliyelipa ada za ardhi za kaunti ndugu zake walipokuwa mbali, na kwa kuwa alifanya hayo yote peke yake, polepole aliingia katika dhana kwamba nyumba ni yake. Gharama hizo anastahili kurudishiwa, na ndugu zake wanapaswa kukaa naye wazihesabu. Lakini kuitengeneza nyumba ya urithi si kuinunua, na kupokea kodi yake si kuimiliki. Sheria ya urithi ya Kenya inawaachia Waislamu wagawane kwa sharia yao, na Mahakama ya Kadhi ipo hapa hapa Malindi kwa ajili hiyo, ila hairuhusu nyumba wala ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya wasimamizi wa mirathi kupewa hati na hati hiyo kuthibitishwa. Anayenunua kabla ya hapo amenunua kutoka kwa mtu asiye na uwezo wa kuuza.

Mke wangu ndiye aliyesema twende tukamwamkie mjane. Alikuwa akiishi Shella kwa binti yake, bibi mwenye macho mazuri bado, na tulimkuta ukumbini akisuka ukili, miyaa imetandazwa pembeni mwake, mingine imetiwa rangi ya zambarau. Tulimshikia mkono, tukauliziana hali, akatuulizia hata ule mlimau alioupanda uani mwaka alipoolewa, ambao sisi tunauchuma hadi leo. Mke wangu akasema kwa adabu kwamba tumesikia nyumba inauzwa na kwamba tumeona si vizuri tuendelee bila ya kupata radhi yake. Mikono yake ikasimama. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mwanangu, mimi sijaambiwa." Kisha akaurudia ukili wake, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Sijaweza kuisahau sauti ile. Ningekuwa nimeshalipa arubuni siku ya kwanza, kama nilivyotaka, mama huyu angesikia habari za nyumba yake kutoka kwa fundi niliyemleta kung'oa boriti.

Baada ya siku ile nimeulizana na wapangaji kadhaa, na nimekuta kwamba wengi hawashindwi na bei, bali wanaponzwa na namna ya kulipa. Jirani mmoja alikubaliana na mwenye nyumba wake kwa mdomo kwamba badala ya kodi ya shilingi 8,000 awe akituma 20,000, na ile ziada ya 12,000 ihesabiwe kuwa bei ya nyumba mpaka ikamilike. Alituma kwa simu miaka mitatu bila ya kukosa. Ziada hiyo peke yake ilifika shilingi 432,000. Mwenye nyumba alipofariki, watoto wake walitazama ujumbe wa simu, wakaona umeandikwa kiasi na tarehe tu, wakasema baba yao alikuwa ameongeza kodi. Jirani hana la kuonyesha. Sheria ya mikataba ya nchi hii inasema wazi kwamba mapatano ya kuuziana ardhi ni lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe, la sivyo hayawezi kusimama mahakamani. Kwa hiyo nawasihi wapangaji wenzangu, kodi iwe kodi na bei iwe bei, na visipitie njia moja.

Nawasihi vilevile wazee wetu wa mitaa, ambao huitwa kushuhudia mauziano haya na hufanya hivyo kwa nia njema bila ya kutaka zaidi ya nauli. Karatasi iliyoandikwa barazani na kupigwa muhuri wa ofisi ya chifu ina faida ya kuonyesha kwamba watu walikutana na fedha zikatolewa. Haihamishi umiliki. Mzee anayetia sahihi yake kama shahidi bila ya kuuliza jina lililo kwenye hatimiliki anampa mnunuzi utulivu ambao hana haki nao. Maimamu nao wangeweza kulisema hili siku za Ijumaa, kwa kuwa kula fungu la mjane na la binti ni jambo lililokemewa ndani ya dini kabla ya kukemewa na serikali.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Yuko anayeweza kukopa katika chama chake cha akiba na mikopo, na yuko anayekimbia riba, kama mimi, akaenda benki zinazofanya murabaha, ambapo benki huinunua nyumba kisha humuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo na kulipwa kwa awamu. Nilichojifunza ni kwamba ofisa wa benki hakuniuliza kuhusu paa wala mchwa. Aliuliza hatimiliki iko kwa jina la nani, na nilipomwambia, akafunga faili kwa upole akaniambia nirudi mirathi ikiisha. Benki ikikataa kuweka fedha zake mahali fulani, mpangaji naye asimame ajiulize kwa nini yeye anaharakisha kuweka zake.

Mnunuzi ajue pia kwamba bei si mwisho wa gharama. Katika eneo la manispaa kama Malindi, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani, ambayo kwa nyumba yangu ni shilingi 96,000, na juu yake kuna wakili na mpima ardhi wa kuthibitisha kwamba mawe ya mpaka yako pale ramani inaposema. Muuzaji kwa upande wake hudaiwa ushuru wa faida, ambao tangu Januari 2023 umepanda kutoka asilimia 5 hadi 15, na baadhi ya wauzaji humrai mnunuzi waandike bei ndogo katika mkataba ili wote wapunguze mzigo. Mpangaji asikubali. Mbali na kwamba ni udanganyifu, mauziano yakivunjika atakayoyadai ni yale yaliyoandikwa, na yaliyobaki atayaomba kwa machozi.

Kuna jambo dogo ambalo nalo liliniuma. Miaka sita iliyopita, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, nilijenga tangi la maji uani kwa shilingi 65,000, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na ya bomba hayaji kila siku. Alipokuwa akiisifu nyumba ili kuitetea bei yake, tangi lilikuwa miongoni mwa sifa. Nilimkumbusha, akanyamaza kidogo, akasema ni kweli, tutalipunguza. Hakuwa na ubaya, alikuwa amesahau. Mpangaji yeyote aliyejenga choo, aliyetia vigae au aliyeweka nyaya za umeme kwa fedha zake aliandike hilo leo, kabla ya neno "kuuza" kutajwa, na mwenye nyumba atie sahihi chini yake.

Ombi langu kwa wenye nyumba ni moja. Siku unapomtajia mpangaji wako bei, mkononi uwe na nakala ya hatimiliki, na kama jina lililomo si lako, uwe na majina ya warithi wote na habari kwamba wameshaambiwa. Wiki mbili hazimtoshi mtu kuamua mahali atakapozeekea, na hazitoshi hata kupata majibu kutoka ofisi tatu. Miezi mitatu ni muda wa haki, na anayekuharakisha kwa kusema kuna mnunuzi mwingine anayesubiri na fedha taslimu, mwache ampe huyo.

Kwetu sisi mambo yamefika hapa. Familia ile ilikutana nyumbani kwa mama yao Shella, wakasikilizana baada ya maneno makali kidogo, na wamefungua shauri la mirathi kwa Kadhi. Mama amesema yeye yuko radhi nyumba iuzwe iwapo wanawe wote wataridhia, na ameomba ule mlimau usikatwe. Wakili ametuandikia barua fupi inayosema kwamba tutapewa nafasi ya kwanza, kwamba thamani ya tangi itaondolewa katika bei, na kwamba arubuni ya asilimia 10 itakaa kwake, haitagusa mkono wa mtu yeyote hadi hati itakapothibitishwa. Warithi wanne wametia sahihi pamoja na mama. Amebaki dada mmoja aliye Maskati, ambaye anatarajiwa kuja Idi. Hadi atakapofika, kila tarehe 5 naendelea kutuma shilingi 12,000, na katika daftari ambalo mimi na mwenye nyumba tunatia sahihi sote wawili, naandika mbele ya kila malipo neno moja, "kodi".

Wako mtiifu,

Mpangaji wa Maweni,
Malindi